Bastola ya plastiki na ubishi wa Jumamosi usiku

Najua nimepotea wiki mbili nzima, msinilaumu, majaribio ya wiki ya nane yalinikaba koo. Leo Jumapili, umeme upo, nguo nimeshafua, nikasema ngoja niwape kisa ambacho kimenikosesha usingizi tangu jana.

Jana usiku tulikuwa saba chumbani tumebanana mbele ya laptop moja tukiangalia Die Hard 2, ile picha ya mwaka 1990 ya Bruce Willis. Kuna mahali jamaa anafoka pale uwanja wa ndege kwamba wabaya wake wana bastola ya kaure, Glock 7, imetengenezwa Ujerumani, mashine ya ukaguzi haiioni. Basi bwana, jirani yetu wa chumba cha pili (anasoma uhandisi, kwa hiyo kila kitu anajua yeye) akasema hiyo ni kweli tupu, bastola za plastiki zinapita popote. Mimi nikabisha. "Kaka, weka soda," akaniambia. Nikaweka. Nikashinda pia, maana hakuna Glock 7 duniani, kaure haijawahi kuwemo, kampuni ya Glock ni ya Austria wala si ya Ujerumani, na mashine inaiona vizuri tu.

Lakini ile kutafuta ushahidi wa kumnyamazisha ndiyo iliyonikesha mpaka saa tisa.

Niseme kwanza kwamba mimi si mtu wa silaha. Niliyowahi kushika ni moja tu, SMG ya JKT, nilipokwenda kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Chuma na mbao, nzito, inakuchosha bega. Siku ile mtu angenikabidhi kitu cha plastiki akaniambia hiyo ndiyo silaha yako, ningejua ananitania. Kwa hiyo nawaelewa kabisa walenga shabaha wa Marekani wa miaka ya 1980. Wao walikulia kwenye Colt 1911, bastola ya chuma yenye uzito wa kilo moja na ushee, na rivolva za Smith & Wesson zenye vishikio vya mbao ya mti wa jozi. Kitu cha kurithi kwa babu. Plastiki kwao ilikuwa kama yeboyebo kwetu: unavaa kwenda bafuni, huendi nayo harusini.

Na dharau hiyo haikuanza na bastola. Mwaka 1959 kampuni ya Remington ilitoa bunduki ndogo inayoitwa Nylon 66, kitako na mwili wake nailoni. Ili watu waamini, mfanyakazi wao mmoja, Tom Frye, alikaa siku kadhaa akitupiwa vipande vya mbao hewani na kuvipiga. Vipande 100,010, akakosa 6. Soma tena hiyo namba. Miaka michache baadaye askari wa Marekani kule Vietnam walipopewa M16 yenye kitako cha plastiki, utani wao ukawa kwamba imetengenezwa na Mattel, wale wa vidude vya kuchezea watoto.

Hata bastola ya kwanza ya fremu ya plastiki haikuwa Glock. Ilikuwa VP70 ya Heckler & Koch, Wajerumani, mwaka 1970. Inabeba risasi 18, ila triga yake nzito kama kufungua mfuniko wa pipa. Haikupendwa, na mwaka 1989 wakaacha kuitengeneza. Ikawaachia watu fundisho moja baya: plastiki ilijaribiwa ikashindwa.

Sasa anakuja Gaston Glock. Mzee huyu (alizaliwa 1929, akafariki Desemba 2023) alikuwa na karakana karibu na Vienna, akitengeneza vyuma vya kutundikia mapazia, halafu visu na sepetu za jeshi. Bastola hakuwahi kuunda hata moja. Jeshi la Austria lilipotangaza mwaka 1980 kwamba linataka kuachana na Walther P38, akaingia kwenye mashindano na wakongwe. Moja ya masharti: katika risasi 10,000 za kwanza isikwame zaidi ya mara 20. Mwaka 1982 akashinda, akapewa oda ya bastola 25,000. Nadhani kutojua ndiko kulikomsaidia. Mtu wa mapazia hana babu wa kumheshimu, akaunda kitu chenye vipande 34 tu, gramu kama 625 bila magazini, kinachobeba risasi 17.

Ilipofika Marekani wakaiita bakuli la Tupperware. Itayeyuka ukiiacha kwenye gari juani. Itapasuka kwenye baridi. Fremu itachanika ukipiga risasi elfu moja. Mwanangu wa uhandisi alinisaidia hapa (akubali tu kwamba soda kaliwa): mtutu na slaidi, yaani vile vinavyobeba presha ya risasi, ni chuma kitupu, na hata ndani ya plastiki kuna reli za chuma ambazo slaidi inapita. Plastiki yenyewe inanyumbuka kidogo na kumeza sehemu ya teke la risasi. Na jasho haliishiki kutu, jambo ambalo askari anayeivaa kiunoni kutwa analijua kuliko mwandishi wa magazeti.

Magazeti nayo! Januari 1986 Washington Post ilichapa safu ya Jack Anderson na Dale Van Atta ikidai Gaddafi wa Libya ananunua bastola za plastiki za Austria, na kwamba zinaweza kupenya ukaguzi wa viwanja vya ndege. Moto ukawaka. Bunge la Marekani likaita mashahidi, na mwaka 1988 ikatoka sheria ya silaha zisizoonekana: kila silaha lazima ionekane na kigunduzi kama yenye gramu 105 hivi za chuma. Glock ilikuwa na chuma zaidi ya hicho mara kadhaa, sheria haikuigusa hata unywele. Polisi wa New York waliipiga marufuku jijini mwao, halafu mwaka huohuo wa 1988 ikafichuka kwamba mkuu wao mwenyewe, Benjamin Ward, anatembea nayo. Teh teh. Marufuku ikafa kifo cha aibu. Tangazo gani la biashara lingeshinda hilo?

Kilichowageuza polisi hasa ni damu. Tarehe 11 Aprili 1986, Miami, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili. Maofisa wawili wakafa, watano wakajeruhiwa, kabla majambazi nao hawajauawa. Wengi wa maofisa walikuwa na rivolva, risasi sita basi, halafu uanze kuchomeka tena huku mkono unavuja damu. Idara nchi nzima zikataka bastola zenye magazini, na Glock ilikuwepo, rahisi, na kampuni ilikubali kupokea silaha kuukuu za idara kama sehemu ya malipo. Raia wakafuata polisi, kama kawaida. Mwaka 1994 Smith & Wesson wenyewe, nyumba ya rivolva, wakatoa Sigma ya plastiki inayofanana na Glock mpaka wakashtakiwa (wakamalizana 1997). Jeshi la Uingereza likachukua Glock mwaka 2013, na mwaka 2017 jeshi la Marekani likachagua SIG yenye fremu ya plastiki. Waliocheka miaka ya 1980 leo wengi wanayo kiunoni.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu: wazee walibisha, kijana wa plastiki akashinda. Kilichoninyima usingizi ni kipande kingine.

Wakati watu wanabishana plastiki, plastiki, plastiki, kitu kilichokuwa kipya kweli kwenye ile bastola kilipita pembeni kimya. Triga. Rivolva unaivuta safari ndefu, kama kilo 5, huwezi kuifyatua kwa kushtuka tu. 1911 ina kidude cha usalama unachokishusha kwa kidole gumba. Glock haina kidude hicho cha nje, na triga yake ni fupi, kama kilo 2 na nusu. Kuna kijilimi katikati ya triga kinachozuia isifyatuke ikianguka, lakini kidole kikishaingia pale hakuna kingine cha kukusimamisha. Zaidi ya hapo, ili uifungue kuisafisha lazima kwanza uvute triga. Ukisahau risasi moja chemba, pah.

Polisi wa jiji la Washington waliichukua mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaajiri haraka haraka, mafunzo yakaachwa nyuma. Mwaka 1998 gazeti lilelile, Washington Post, likahesabu: katika miaka 10 risasi zaidi ya 120 zimetoka bila kukusudiwa. Askari 19 wamejipiga au kupiga wenzao. Raia tisa wamejeruhiwa, na angalau mmoja ameuawa na askari asiyekusudia kumuua. Mfululizo huo wa habari za risasi za polisi ulipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1999. New York wao walikuwa wameogopa mapema, wakadai springi ngumu ya triga, karibu kilo 5 na nusu, irudi kama rivolva.

Mnaona mambo hayo? Safu moja ya 1986 juu ya hatari isiyokuwepo ilileta vikao vya bunge na sheria. Hatari iliyokuwepo ilisubiri miaka kumi na mtu wa kuhesabu. Mashabiki wa Glock wana jibu lao, kwamba usalama ni kidole chako mwenyewe, bastola haina kosa. Mimi naona ni nusu ya ukweli. Kidole hufundishwa, na kufundisha kunakula muda na risasi, na idara ikinunua kitu cha bei nafuu huwa haiweki hela ya hilo.

Afande wetu kule kambini alikuwa anapita nyuma ya mstari na fimbo. Hata silaha iwe tupu, akikukuta kidole kimelala kwenye triga unaruka kichura mpaka jua lizame. Tulimchukia yule baba.

Soda yenyewe sijapewa mpaka sasa hivi ninavyoandika. Jamaa anasema kwenye picha wamesema Glock 7, na yeye hajasema Glock 17, kwa hiyo kesi irudiwe.