Kutapika Damu Bondeni mwa Nile

Katika nchi ya Misri, ambako mkulima tangu zama za kale hushinda na miguu yake ndani ya mifereji, ilikuwa kawaida ya kutisha kwamba mtu aliyeamka mzima na kwenda shambani hushikwa ghafula na kichefuchefu, akatapika damu beseni tele, na asipofariki siku ile akapata choo cheusi chenye kunata.

Mwaka 1851 tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo, aliona minyoo ya kichocho ndani ya mshipa upelekao damu inini. Lakini ilipita nusu karne hata tabibu Symmers, katika mji ule ule, akaeleza mwaka 1904 jinsi makovu meupe yalivyoizunguka mishipa ya ini mfano wa mirija ya viko vya udongo iliyochomekwa nyamani. Mayai ya mnyoo hukwama humo, njia ikaziba, na damu iliyokosa pa kupita hurudi nyuma, ikavimbisha wengu na kujilazimisha katika mishipa myembamba ya umio; ndiyo maana tabibu mjuzi huanza kuupapasa wengu katika ubavu wa kushoto kabla damu haijaonekana. (Sisi wa pwani twakijua zaidi kichocho cha mkojo, hiki cha tumbo wakijua vyema watu wa Mwanza na Ukerewe.)

Mwaka 1950 Sengstaken na Blakemore, Wamarekani, walieleza mpira wenye vibofu viwili, ambao mgonjwa hupitishiwa puani hadi tumboni, kisha vikajazwa hewa ili kuikandamiza mishipa; damu hukoma, naam, ila hewa ikitolewa mara nyingi hurejea. Vipete vya mpira vya kuifunga mishipa yenyewe vilikuja miaka ya 1980.

Walakini kisa kizito zaidi ni cha sindano. Tangu miaka ya 1950 serikali ya Misri, kwa nia njema kabisa, iliwadunga wakulima dawa ya antimoni dhidi ya kichocho, ambayo tabibu Christopherson aliijaribu Khartoum mwaka 1918. Kila mtu alihitaji sindano nyingi, na kwa kuwa zilirudiwa bila kuchemshwa ipasavyo, virusi vya homa ya ini aina ya C, ambavyo havikutambuliwa hadi 1989, vilihama kutoka mkono hadi mkono. Kichocho kikapungua, hasa vilipofika vidonge vya praziquantel. Lakini waliodungwa ujanani wakarudi hospitalini uzeeni, ini limesinyaa kwa ugonjwa mwingine, wakitapika damu ile ile, hata mwaka 2018 serikali ikaanza kuwapima mamilioni ya raia wake.