Barua Kutoka Cyprus na Majibu ya Maulamaa: Je, Mtume Alitumwa kwa Waarabu Peke Yao?

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetukirimu kwa akili na akatuongoza kwa ilimu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, nakuusieni nyinyi pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, kwani ucha Mungu ndiyo akiba isiyooza.

Khutba yetu ya leo ni ya tarikhi, na inaanza na swali. Nilipokuwa kijana nikisoma chuoni, mwenzangu mmoja Mkristo, mtoto wa jirani, aliniuliza hivi: "Kurani yenu imeteremka kwa Kiarabu, na Mtume wenu ni Mwarabu. Wewe si Mwarabu wala mimi si Mwarabu. Yatuhusu nini sisi?" Sikuwa na jibu. Badala ya kunyamaza nilighadhibika, nikamtolea maneno ambayo mpaka leo nayaonea haya. Jioni nilimweleza mwalimu wangu, Mungu amrehemu, nikitaraji atanisifu kwa kuipigania dini. Hakunisifu. Alisema: "Umemjibu kwa hasira kwa kuwa hukuwa na ilimu. Swali hilo si geni. Limeulizwa karne nyingi kabla hujazaliwa, na maulamaa walilijibu. Nenda kasome, kisha urudi kwa mwenzako umtake radhi."

Nilisoma, na niliyoyasoma ndiyo nitakayokusimulieni leo.

Ndugu wasikilizaji, kiasi cha mwaka 1200 alikuwako katika mji wa Saida, pwani ya Shamu, askofu mmoja jina lake Paulo wa Antiokia. Huyu alikuwa mtu wa Shamu, akiandika Kiarabu. Alimwandikia rafiki yake Mwislamu barua ya kuitetea dini yake. Katika barua hiyo anasema kwamba alisafiri mpaka Constantinople na nchi za Warumi na Wafaranji, akakutana na wataalamu wao, akawauliza kwa nini hawakumfuata Muhammad. Wakamjibu kwamba wameisoma Kurani, wakaona imeteremka kwa Kiarabu kwa watu wa Kiarabu, na kwa hiyo wao hawakuamrishwa kuifuata. Tena wakadai kwamba Kurani yenyewe inamsifu Nabii Isa (A.S.) na mama yake, na kuwasifu wafuasi wake, basi Mkristo hana haja ya kuiacha dini aliyo nayo.

Tazameni namna hoja hii ilivyojengwa. Haikusema kwamba Mtume wetu ni mwongo. Ilisema ni mkweli, lakini kwa Waarabu tu. Hoja ya namna hii huingia moyoni mwa msikilizaji bila ya kubisha hodi, kwa sababu inakuja na maneno ya heshima na aya mkononi.

Mwanachuoni wa kwanza tumjuaye kuijibu barua hiyo ni Shihabuddin Ahmad bin Idris al-Qarafi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Maliki katika mji wa Cairo, aliyefariki mwaka 1285. Lakini barua haikufa. Mwaka 1291 Wafaranji waliupoteza mji wa Akka, ngome yao kubwa ya mwisho katika pwani ya Shamu, na wengi wao wakakimbilia kisiwa cha Cyprus, ambacho Waarabu hukiita Qubrus. Huko akatokea mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa, akaichukua barua ya Paulo na kuiandika upya. Alikuwa mjuzi wa Kiarabu na wa Kurani. Aliyapunguza maneno makali, akaongeza aya na kuzinukuu kwa uangalifu zaidi, ili barua ipate kusikilizwa. Mwaka 1316 barua hiyo ilimfikia Sheikh Taqiyuddin Ahmad Ibn Taymiyya katika mji wa Damascus. Na mwaka 1321 nakala nyingine ikamfikia Sheikh Shamsuddin Muhammad bin Abi Talib, ajulikanaye kwa jina la ad-Dimashqi, sheikh wa ar-Rabwa karibu na mji huo huo, ambaye pia alikuwa mjuzi wa jiografia.

Wote wawili walijibu. Jibu la Ibn Taymiyya likawa kitabu kikubwa kiitwacho Al-Jawab as-Sahih, ambacho katika chapa za siku hizi hujaza juzuu kadhaa. Kabla ya kueleza waliyoyasema, nataka mwangalie namna walivyoyasema. Ibn Taymiyya hakuanza kwa kumsingizia mpinzani wake asiyoyasema. Aliyanukuu maneno ya barua kwa lafudhi zake, sehemu baada ya sehemu, kisha akaijibu kila sehemu mahali pake. Naye ad-Dimashqi alifanya vivyo hivyo. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza leo kuisoma hoja ya watu wa Cyprus ndani ya vitabu vya Waislamu walioipinga. Kumjibu mtu bila ya kumsikiliza ni sawa na kadhi anayehukumu kabla mdai hajasema.

Na jambo hili lilikuwa na mfano wake hata kwa upande wa pili. Katika karne ya 9, Abu Isa al-Warraq aliandika kitabu cha kuwajibu Wakristo, akieleza kwa makini tofauti baina ya makundi yao matatu ya zama hizo, yaani Wanestori, Wayakobi na Wamelkiti. Kitabu chake tunakijua kwa sababu mwanafalsafa Mkristo wa Baghdad, Yahya bin Adi, aliyefariki mwaka 974, alikinukuu kipande kwa kipande ili akijibu. Ilimu ya kweli haiogopi maneno ya mpinzani.

Sasa tuje kwenye majibu yenyewe. Juu ya madai kwamba Mtume (S.A.W.) alitumwa kwa Waarabu peke yao, Ibn Taymiyya aliweka mbele ya mpinzani njia mbili. Ama unasema Muhammad ni Mtume wa kweli, ama unasema siye. Ukisema siye, basi huna haki ya kuchukua aya za kitabu chake kuwa ushahidi wako. Na ukisema ndiye, japo kwa Waarabu tu, basi mjumbe wa Mwenyezi Mungu hasemi uwongo juu ya Mola wake. Naye amefundisha kwamba ametumwa kwa watu wote. Maana hii imo katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 158, na katika Sura ya Saba, aya ya 28. Hapana njia ya tatu. Hawezi mtu kuukubali nusu ya ujumbe na kuukataa nusu yake, kisha akajiita amemsadiki mjumbe.

Wakatoa watu wa Cyprus aya ya 4 ya Sura ya Ibrahim, isemayo kwamba kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake. Jibu lake ni kwamba lugha ya mjumbe ni jambo moja, na mipaka ya ujumbe ni jambo jingine. Mtume husema na watu waliomzunguka kwa lugha waifahamuyo, ili wao wapate kufahamu kwanza na kuwafikishia wengine. Na hapa maulamaa waliwakumbusha Wakristo habari zao wenyewe. Nabii Isa (A.S.) aliishi baina ya Wana wa Israili na akasema nao kwa lugha yao. Je, Wayunani, Warumi, Wakibti na Waarabu Wakristo waliyapataje mafundisho yao? Kwa tafsiri. Basi ikiwa tafsiri inatosha kuufikisha ujumbe huko, haikosi kutosha huku.

Tena ikaja hoja ya vitendo. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwapelekea barua za kuwaita katika Uislamu Hirakli mfalme wa Warumi, na Kisra mfalme wa Wafursi, na Muqauqis mkuu wa Misri, na Najashi wa Uhabeshi. Hakuna katika hao aliyekuwa Mwarabu. Na katika masahaba zake alikuwamo Bilal wa asili ya Uhabeshi na Salman wa nchi ya Wafursi. Mtu aliyetumwa kwa kabila moja haandiki barua kwa wafalme wa dunia.

Juu ya Utatu, barua ilisema kwamba Baba, Mwana na Roho maana yake ni kuwa Mungu yupo, anasema, na yu hai, na kwamba Waislamu nao humsifu Mwenyezi Mungu kwa sifa nyingi, basi tofauti iko wapi? Hoja hii nayo ilikuwa ya zamani. Abu Bakr al-Baqillani, aliyefariki Baghdad mwaka 1013, alikwisha kuwajibu wenye hoja kama hiyo katika kitabu chake At-Tamhid. Aliuliza: kwa nini ziwe tatu tu? Mwenyezi Mungu ana uwezo pia, basi kwa nini uwezo usihesabiwe kuwa wa nne? Ibn Taymiyya naye akaeleza kwamba sifa haiachani na mwenye kusifika. Ilimu ya Mwenyezi Mungu haiombwi peke yake, wala haishuki ikawa mtu. Na Nabii Isa kuitwa Neno, kama ilivyo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 171, maana yake ni kwamba aliumbwa kwa neno la amri ya Mola wake, kama alivyoumbwa Adam asiyekuwa na baba wala mama.

Ndugu zangu, sisemi kwamba kila mwanachuoni wa zama hizo alikuwa mpole. Wako walioandika kwa ukali na kejeli, na Ibn Taymiyya mwenyewe kalamu yake ilikuwa na makali. Lakini kuna habari moja yake ambayo kila kijana anayependa mabishano ya dini yapasa aijue.

Mbali na kitabu hicho, aliandika barua kwa mkuu mmoja Mkristo wa Cyprus, akimwomba awatendee wema mateka wa Kiislamu waliokuwa kisiwani. Katika barua hiyo anakumbusha kwamba Watatari walipoishambulia Shamu na kuchukua mateka, yeye alikwenda kwa wakuu wao kuomba waachiwe. Wakakubali kuwaacha Waislamu, wakataka kubaki na Wakristo waliokamatwa Baitul Muqaddas. Akakataa. Akasema Mayahudi na Wakristo walio chini ya dhima ya Waislamu nao lazima wafunguliwe. Wakafunguliwa. Basi huyu ndiye aliyeandika juzuu nzima za kupinga itikadi ya Kikristo, na huyu huyu ndiye aliyesimama mbele ya jeshi lenye kutisha akidai uhuru wa Wakristo. Hoja yake ilikuwa juu ya itikadi yao. Haki zao aliziacha mahali pake.

Sasa turudi kwenye swali la yule mwenzangu: yatuhusu nini sisi? Waislamu wa pwani yetu, jibu lake limeandikwa kwenye mawe yetu wenyewe. Katika kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kiarabu yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107. Hayo ni karibu miaka mia kabla Paulo hajaandika barua yake kwamba Kurani ni ya Waarabu tu. Na mwaka 1331, miaka mitatu baada ya kufariki Ibn Taymiyya, msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa, akawakuta Waislamu wa madhehebu ya Shafi, wenye misikiti yao na wenye kuwaheshimu maulamaa. Wakati maulamaa wa Damascus walipokuwa wakithibitisha kwa kalamu kwamba ujumbe ni wa watu wote, wazee wetu walikuwa wamekwisha kuuthibitisha kwa sijida. Na mwaka 1969 Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipotoa Kurani Takatifu yenye tafsiri ya Kiswahili, aliendeleza kazi ile ile ya kumfikishia kila mtu maana kwa lugha aifahamuyo.

Enyi wanafunzi, na enyi wazazi mnaotusikiliza majumbani, watoto wenu wanakaa na watoto wa dini nyingine shuleni, kazini na mitaani. Wataulizwa maswali, na ni haki waulizwe. Msiwafundishe kughadhibika. Wafundisheni kusikiliza mpaka mwisho, kuyataja maneno ya mwenzao kama alivyoyasema, na kujibu kwa wanalolijua. Wasilolijua waseme hawajui, wende wakaulize. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 125, tumeamrishwa kuita kwa hekima na mawaidha mema, na kujadiliana kwa njia iliyo bora. Wanatarikhi wa Sira wametueleza kwamba ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipofika Madina, Mtume (S.A.W.) aliwapokea ndani ya msikiti wake. Alihitalifiana nao katika itikadi, wala hakuwafukuza.

Mimi nilirudi kwa mwenzangu. Nilimtaka radhi kwanza, kisha nikamjibu. Hakusilimu, na kusilimu kwake hakumo mikononi mwangu. Lakini alinisikiliza, na tukaendelea kuwa majirani.

Ewe Mola wetu, tupe ilimu yenye manufaa, na ndimi zenye adabu, na nyoyo zisizodhulumu hata tunapohitalifiana. Wasamehe masheikh wetu waliotutangulia, na wazazi wetu, na Waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amin.