Mifumo endeshi miwili katika kompyuta moja

Ni mpangilio unaomruhusu mtumiaji kuchagua, kila awashapo kompyuta, mfumo atakaoutumia; aghalabu Windows au Linux ya aina fulani, kama Ubuntu iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa pamoja, na kila mmoja hupewa sehemu yake ya diski. Jedwali la zamani la kugawia diski, MBR, huruhusu sehemu kuu 4 tu. GPT, linaloendana na UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta), huruhusu nyingi zaidi. Orodha ya kuchagulia huletwa na programu ndogo kama GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995.

Ni busara kusakinisha Windows kwanza. Katika kompyuta zinazotumia BIOS, mfumo wa kuwashia uliotangulia UEFI, kisakinishi chake hufuta programu ya kuwashia iliyokuwapo, na Linux haionekani tena ingawa mafaili yake yangali salama. Hatua ya hatari kuliko zote ni kupunguza sehemu ya Windows ili kupata nafasi: nakala ya akiba ni lazima, na ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) uwe umehifadhiwa nje ya kompyuta hiyo. Uwashaji wa haraka wa Windows nao uzimwe, kwani huiacha diski katika hali ya kusubiri, na Linux ikiandika humo mafaili yanaweza kuharibika.

Saa pia husumbua. Linux huihesabu saa ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows kwa saa za mahali. Hivyo Nairobi au Dar es Salaam, Windows huweza kuonyesha muda ulio nyuma kwa saa 3 hadi mfumo mmoja urekebishwe ufuate mwenzake.