Mizani ya Pamba na Moshi wa Dizeli

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kufundishwa maana ya dai la pamoja. Walilijua kabla gari halijawa kitu cha kawaida katika barabara za Mwanza, na walijifunza mbele ya mizani ya pamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Usukuma au Ukerewe alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, akatajiwa uzito, akapokea alichopewa. Kama mizani ilikuwa na hila, angefanya nini? Ratili mbili tatu hazimpeleki mtu mahakamani; nauli peke yake ingezidi hasara. Lakini hasara ndogo ya mtu mmoja, ukiizidisha kwa maelfu ya wakulima, ni utajiri wa mtu mwingine. Hesabu hiyo niliwapa wanafunzi wangu miaka mingi, nao waliielewa upesi. Wakulima walijibu kwa kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito, kisha wakajiunga katika vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunda Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wake, na baadaye shirikisho hilo likamiliki viwanda vyake vya kuchambulia pamba.

Nayakumbusha hayo kwa sababu mwaka 2015 dunia iliona mizani ya namna ile ile, ila safari hii ilifichwa ndani ya gari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, walikuwa wamefunga vipimo katika magari ya dizeli na kuyaendesha barabarani badala ya kuyapima katika karakana. Moshi wake ulikuwa mchafu kupita kiasi. Septemba 2015 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba Volkswagen ilitia katika magari hayo programu iliyotambua wakati wa kupimwa. Mbele ya mkaguzi gari lilitii sheria. Likirudi barabarani, lilitoa hewa chafu hadi mara 40 ya kiwango. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Mzee yeyote wa Usukuma angeitambua mizani hiyo: husema kweli mkaguzi anapokuwapo.

Mwenye gari mmoja hakuweza kupambana na kampuni kubwa namna ile. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nchini Marekani, wenye magari wapatao 475,000 waliingizwa katika suluhu ya mwaka 2016 yenye thamani ya hadi dola bilioni 14.7. Nchini Uingereza, wadai wapatao 91,000 waliungana, na Mei 2022 kampuni ikakubali kuwalipa pauni milioni 193. Ukizigawa sawa, ni kama pauni 2,100 kwa kila mmoja. Si utajiri, lakini hakuna hata mmoja wao ambaye angezipata akiwa peke yake.

Msomaji atauliza, nasi yatuhusu nini, sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika Japani? Yatuhusu sana. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa ya kumkinga dereva wakati wa ajali. Baruti iliyotumika kuijaza hewa huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, hata kasha lake likapasuka na kurusha vipande vya chuma. Watu waliuawa na kifaa kilichowekwa ili kiwaokoe. Takata ilifilisika mwaka 2017, na mwaka huo huo Toyota, Subaru, Mazda na BMW zilikubali suluhu ya dola milioni 553 nchini Marekani. Suluhu hiyo ilikuwa ya wenye magari wa huko. Gari la umri ule ule, lililopita mikono mitatu hadi kufika Nyakato au Buzuruga, halikuwamo katika hesabu hiyo.

Je, sheria imetufungia mlango? La hasha. Mwaka 1916 mahakama ya New York iliamua kesi ya MacPherson, aliyeumia gurudumu la mbao la gari lake lilipovunjika. Kampuni ya Buick ilijitetea kwamba hakulinunua gari kwake bali kwa wakala. Jaji Cardozo akasema mtengenezaji wa kitu kinachoweza kudhuru anawajibika pia kwa mtumiaji asiyemjua. Uingereza ilifuata njia hiyo mwaka 1932. Kwetu nako, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, katika Amri ya Kwanza, Kanuni ya 8, inaruhusu wachache kushitaki kwa niaba ya wengi wenye dai moja, mradi mahakama itoe ruhusa na wahusika wote wajulishwe.

Hata hivyo, historia ya ushirika wetu ina fundisho la pili, tena chungu. Mwaka 1966 tume iliyoteuliwa na Rais ilikuta wizi na uongozi mbaya katika vyama vya ushirika, na mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa. Waliokabidhiwa kumpimia mkulima walihitaji nao kupimwa. Kwa hiyo dereva atakayetia sahihi dai la pamoja aulize kwanza: wakili atachukua kiasi gani, fedha zitapita mkononi mwa nani, na hesabu itasomwa mbele ya nani?

Nionavyo mimi, kazi inaweza kuanza bila mahakama. Vyama vya madereva hapa Mwanza vinachanga kwa misiba na harusi. Daftari hilo hilo la michango liwe na safu moja zaidi: namba ya chesisi ya kila gari. Kwa namba hiyo mtu huweza kujua kama mtengenezaji alikwisha kuliita gari lake lirudishwe kwa kasoro. Wakulima wa pamba nao walianza kwa kuandika uzito wao wenyewe.