Jina na Picha: Seli katika Vitabu vya Watoto

Aghalabu mtunga istilahi humfikiria msomi atakayeitumia, wala hamkumbuki mtoto atakayeisikia kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, baadhi ya istilahi tunazoziona ngumu zilizaliwa kutokana na picha. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa neno moja, nalo ni seli.

Mwaka 1658 mwalimu Comenius, mzaliwa wa Moravia, alichapisha mjini Nürnberg kitabu kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, ambacho huhesabiwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya picha vilivyotungwa kwa ajili ya watoto. Vitu vilivyochorwa vilitiwa namba, na namba hizo hizo zikawekwa penye majina yake kwa Kilatini na Kijerumani. Kanuni yake ilikuwa kwamba neno na kitu viende pamoja.

Miaka saba baadaye, mwaka 1665, Robert Hooke alitoa mjini London kitabu cha Micrographia, chenye michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Katika kipande chembamba cha kizibo aliona vijumba vitupu mithili ya vitundu vya sega la nyuki, akaviita kwa neno litokanalo na Kilatini cella, yaani chumba kidogo. Kumbe alichokiona kilikuwa kuta tu za seli zilizokwisha kufa. Mwaka 1831 Robert Brown alikiita kiini cha seli nucleus, neno la Kilatini lenye maana ya kiini cha kokwa. Kisha mwaka 1838 Schleiden alieleza kwamba mimea imeundwa kwa seli, na mwaka 1839 Schwann akasema hivyo hivyo juu ya wanyama. Maarifa yalibadilika, lakini jina la chumba kitupu likabaki.

Kwetu sisi suala hili lilipata uzito mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka huo huo, huko Uingereza, mtafiti wa saratani Frances Balkwill na mchoraji Mic Rolph walitoa Cells Are Us na Cell Wars, vitabu vya picha vya kuwafundisha watoto habari za seli. Basi mfasiri akabidhiwapo kitabu cha namna hiyo, atumie neno gani?

Wako wapendao chembe. Neno hili ni letu, na mtoto analijua. Lakini chembe ya mchanga haina ndani, ilhali seli ina ndani yake. Aidha, twasema chembechembe za damu, na tena chembe za urithi. Mtoto akiambiwa kwamba chembe za urithi zimo ndani ya chembe, atashindwa kupambanua chombo na kilichomo.

Seli, kwa upande wake, haimletei mtoto picha yoyote. Lakini pia haimpotoshi. Tena imekwisha kuzaa: selimundu ni neno wanalolisikia wazazi hospitalini, nalo laonyesha umbo la seli nyekundu iliyopinda kama mundu. Mtoto aliyefundishwa chembe peke yake hataelewa kwa nini ndugu yake anaitwa mgonjwa wa selimundu.

Kwa sehemu za seli, maneno yetu yatosha: ukuta kwa mimea, utando, na kiini. Hata hivyo, kiini kina mtego wake. Mtoto hukijua kwanza kiini cha yai, na mchoraji aweza kushawishika kulitumia yai kuwa mfano wa seli. Kiini hicho cha manjano ni akiba ya chakula, wala si kiini cha seli. Picha hiyo isiachwe bila maelezo.

Kwa hiyo, kabla istilahi ya watoto haijapitishwa, hatuna budi kufanya alivyofanya Comenius: kitu kichorwe, kila sehemu itiwe namba, na kila namba ipewe jina moja. Jina likigongana na jingine katika mchoro huo, lirudishwe mezani.