Mshahara Ukikatika, Mzee Anakula Nini?

Leo tuzungumzie jambo ambalo vijana wetu hulipuuza kwa kuwa nguvu bado wanazo: mtu akiacha kazi, anaishi vipi? Hapa Kansanga jibu lake lina historia ndefu.

Zamani katika Buganda mzee alikuwa na kibanja, migomba na watoto. Mikono yake ilipochoka, mikono ya wanawe ililima. Mkataba wa 1900 uligawa ardhi ya maili, na ardhi ikawa mali ya kuuzwa na kurithiwa. Waliokosa ardhi ya kutosha wengi wao wakaja mjini kutafuta mshahara.

Serikali ya kikoloni ilitoa pensheni, lakini kwa watumishi wake. Mpishi wa nyumbani, mpagazi na fundi cherehani hawakuhesabiwa. Baada ya uhuru, sheria ya 1967 ilianzisha akiba ya wafanyakazi wa makampuni, na sheria ya 1985 ikaunda mfuko wa NSSF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 10, na mtu hulipwa fedha zake kwa mkupuo akifika miaka 55.

Wahenga walisema akiba haiozi. Je, ni kweli? Mei 1987, baada ya miaka ya bei kupanda ovyo, serikali ilibadilisha sarafu: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa juu yake kama kodi. Aliyeweka fedha taslimu kwa miaka mingi alibaki na kidogo sana. Waliofanya kazi reli, posta na bandari za Jumuiya ya Afrika Mashariki nao waliona Jumuiya ikivunjika 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni yake ulitiwa saini 1984, na wengi walisubiri haki zao miaka mingi baada ya hapo.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Watumishi wa serikali walikuwa zaidi ya 300,000. Kufikia katikati ya muongo walikuwa chini ya 200,000. Maelfu walirudi nyumbani kabla ya uzee, na kiinua mgongo mkononi. Kilichotiwa katika harusi na nguo kilikwisha. Kilichotiwa katika matofali kiliendelea kulisha.

Ndiyo maana mtaani kwetu utakuta nyuma ya nyumba ya mzee safu ya vyumba vya kupangisha, vile tunavyoviita mizigo. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kilipofunguliwa hapa 2001, wanafunzi walihitaji pa kulala, na hosteli zikaota. Lakini Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona, wanafunzi wakaenda kwao, vyumba vikabaki vitupu. Hata matofali yana siku yake mbaya.

Serikali ilianza 2010 mpango wa kuwapa wazee shilingi 25,000 kwa mwezi. Ulipoenezwa nchi nzima kuanzia 2020/21, uliwekwa kwa wenye miaka 80 na zaidi. Mwaka 2022 sheria ya NSSF ilirekebishwa: kila mwajiri alazimike kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja, na anayejiajiri aweze kuweka kwa hiari yake. Kwa hiyo dereva wa boda na mama muuza chapati nao wana mlango, wakitaka.

Funzo ni nini? Waliosalimika hawakuegemea nguzo moja. Walikuwa na akiba kidogo, chumba au shamba, biashara ndogo, na watoto waliolelewa kujua haki ya wazazi. Ndugu zangu, kaeni jioni moja na wazee wenu muwaulize: kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani? Mama ataishi kwa kipato gani baba akitangulia? Swali hilo likiulizwa leo ni mashauriano. Likingoja siku ya matanga huwa ugomvi.