Reli Nyembamba za Tanga

Kazi ya kutandika reli ilianza Tanga mwezi wa Juni mwaka 1893, miaka mitatu kabla ya Waingereza kuanza reli yao ya Uganda mjini Mombasa, na kwa hiyo mji huu una haki ya kuitwa mtangulizi wa garimoshi katika bara yote ambayo leo ni Tanzania. Walakini mkazi wa mtaa wa Ngamiani hakupata kujengewa gari la reli la kumfikisha mtaa wa Raskazone asubuhi na kumrudisha jioni, kwa maana reli za upande huu, pana na nyembamba, zilitandikwa kwa tamaa ya shehena, na mwanadamu alipewa nafasi iliyosazwa na mizigo.

Kampuni iliyoanza kazi hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1891, nayo ilikusudia kuipandisha reli yenye upana wa mita moja kutoka bandarini hadi Usambara, ambako matajiri wa Kijerumani walikuwa wakifungua mashamba ya buni na kutaraji faida kubwa. Faida hiyo haikuja, kwani ardhi ya misitu ya huko haikuukubali mbuni kama walivyodhani, na kampuni, baada ya kufika Muheza mwezi wa Aprili mwaka 1896, yaani kilomita 40 tu kutoka baharini, iliishiwa na fedha kabisa, hata ikalazimu serikali ya Kijerumani kuinunua reli hiyo mwaka 1899 na kuisogeza kwa taratibu: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1912. Kilichoiokoa kilikuwa ni mmea mgeni. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alikuwa amepanda Kikogwe, karibu na Pangani, miche 62 ya mkonge, ambayo ndiyo tu iliyosalimika katika shehena ya miche elfu moja iliyotolewa Florida, na uzao wa miche hiyo ndio uliojaza mabehewa ambayo buni ilishindwa kuyajaza.

Pembeni mwa reli hiyo kubwa ilizaliwa nyingine, ndogo, ambayo kwangu mimi ni ya ajabu zaidi. Kampuni ya mbao ya Kijerumani, iliyotaka miti ya misitu ya Usambara ya Mashariki, ilitandika kutoka Tengeni, karibu na Muheza, reli ya upana wa sentimita 75, ikaipandisha kwa takriban kilomita 23 hadi Sigi, chini ya mlima wa Amani, ambako tangu mwaka 1902 palikuwa na taasisi mashuhuri ya utafiti wa mimea na kilimo. Genge la mlima lilikuwa kali mno, wala hapakuwa na nafasi ya kuizungusha njia, basi wahandisi walikata njia ya kwenda mbele na kurudi nyuma: garimoshi lilipanda mpaka mwisho wa kipande, likasimama, njia ikageuzwa, kisha likapanda kipande cha pili kinyumenyume, na hivyo hivyo mpaka juu. Wataalamu waliokwenda Amani walipanda garimoshi hilo hilo la mbao.

Reli ya kuchukua watu mjini ilikuwako kwa jirani zetu. Unguja, Sultani Sayyid Barghash alitandikiwa reli nyepesi kutoka jumba lake hadi Chukwani, magari yakivutwa kwanza na nyumbu na baadaye, tangu mwaka 1881, na garimoshi dogo lililonunuliwa Uingereza, lakini alipofariki mwaka 1888 reli ikafa pamoja naye. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilileta nyingine mwaka 1905, ya maili saba kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikipenya vichochoro karibu na vibaraza vya watu. Serikali iliichukua mwaka 1911, na motokaa zilipoenea abiria wakaihama. Mombasa nako, vyuma vya reli iliyoachwa njiani na kampuni ya Waingereza vilitandikwa katika mitaa, na juu yake wakasukumwa mabwana chini ya vitambaa vya kivuli, injini ikiwa ni miguu na mikono ya mahamali.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, reli ya Tanga ilibeba shehena isiyotazamiwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1914 jeshi la Waingereza lililotoka Bara Hindi lilishuka Raskazone, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawaleta askari wake kwa garimoshi kutoka upande wa Kilimanjaro, wakafika kwa wakati na kuwarudisha wageni baharini. Kisha Wajerumani walichukua vyuma vya mashambani wakatandika njia ya troli kutoka Mombo hadi Handeni, ili kuifikisha mizigo karibu na nchi ya Reli ya Kati, ile iliyotoka Dar es Salaam, na troli hizo zilisukumwa kwa mikono ya watu. Njia hiyo hiyo ndiyo waliyoifuata Waingereza mwezi wa Juni mwaka 1916 walipowafukuza maadui wao kuelekea kusini.

Amani iliporudi, vyuma vyembamba vilirudi shambani, na huko ndiko vilikoishi umri wao mrefu. Katika mashamba ya mkonge reli ilihamishwa kulingana na kitalu kilichokuwa kikikatwa: manamba, waliotolewa mbali kwa mkataba, walikata majani, wakayafunga matita, wakayapakia katika troli, nazo zikavutwa hadi korona, ambako jani lilisagwa na kuoshwa kwa maji, na nyuzi zikatoka kwenda kuanikwa juani, kupigwa brashi na kufungwa marobota ya kupelekwa bandarini. Hivyo reli nyembamba iliyolala nyasini Muheza au Ngomeni iliungana na meli za Ulaya, na Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa katani. Kila jani katika shehena hiyo lilipita kwanza mabegani mwa manamba, akilitoa mstarini mpaka kwenye troli kwa miguu yake.